Bibi hasemi Macy's

Tangu tarehe 9 Septemba 2006, duka kubwa lililo pembe ya barabara za State na Washington, katikati ya jiji la Chicago, linaitwa Macy's. Hivyo ndivyo mifuko inavyosema, na risiti, na ramani ya simu. Bibi analijua hilo vizuri tu. Kumbukumbu haijamtoka, bado anaweza kukutajia bei ya jozi ya glavu za ngozi alizokuwa akiuza pale akiwa msichana. Ila mdomoni mwake duka hilo ni Field's, jina lake la zamani, na nikiteleza nikataja lile jina jingine, ananikata palepale: "Field's, mwanangu." Halafu mazungumzo yanaendelea.

Bibi huyu si wa damu. Ni mzee ninayemtunza nyumbani kwake, upande wa kusini wa jiji. Namwita Bibi kwa sababu kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake tupu, kama wanavyofanya wenyeji, ulimi wangu umekataa katakata. Aliingia Field's miaka ya 1950, kaunta ya glavu. Kabatini mwake kuna sanduku la kadibodi, kijani kilichokoza, lenye jina la duka kwa mwandiko wa kulala. Lilikuja na blauzi zamani hizo, na sasa limebeba picha za harusi. Pembe zake zimelegea, na moja imeshikwa na selotepu iliyokwisha kugeuka rangi ya chai. Mwanawe alimletea la plastiki, zuri, lenye kifuniko cha kubana. Hilo la plastiki ni la soksi.

Watu wa Mombasa watanielewa kwa nini habari ya duka imeniteka namna hii. Mimi ni mtoto wa Mtaa wa Biashara. Marehemu baba aliajiriwa duka la leso na vitambaa, na sisi likizo zote tulizimalizia pale, juu ya majora. Mteja anaingia, anashika leso, anaikunjua, anasoma jina lake kwa sauti. Bei gani? Baba anataja. Mteja anacheka, anaiweka, anajifanya anaondoka. Mwisho wako? Baba anaapa kwamba hapo hata faida hapati. Wanaenda hivyo mpaka wanakutana katikati, wote wawili wakilalamika na wote wawili wameridhika. Na juu ya kichwa cha baba kibao kinasema: Mali ikiuzwa hairudishwi.

Sasa ichukue picha hiyo uigeuze kila upande, ndipo utapata duka la Bibi.

Wa kwanza kugeuza hapa Chicago alikuwa Potter Palmer. Alifungua duka la vitambaa barabara ya Lake mwaka 1852, wakati mji wenyewe ulikuwa tope, mbao na nguruwe, na akafanya jambo ambalo wenye maduka wenzake waliliona wazimu: mwanamke achukue kitambaa aende nacho nyumbani, akitazame kwenye mwanga wake, akiona hakimfai akirudishe apewe pesa zake. Wenzake walimcheka, kisha wakaona wake zao wenyewe wananunua kwa Palmer.

Marshall Field alifika miaka minne baadaye, 1856, kijana wa shamba aliyezaliwa Conway, Massachusetts, mwaka 1834. Hapo nisimame kidogo, maana Massachusetts si pageni kwetu. Ni meli za huko, za bandari ya Salem, zilizokuwa zikishusha marikani Unguja, kile kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi kilichovaliwa na kubadilishwa kama pesa kutoka pwani hadi maziwa makuu. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, mwaka mmoja kabla ya Field kuzaliwa. Kwa hiyo kijana huyu alikulia jimbo ambalo uzi wake ulikuwa tayari umefika kwetu, ingawa sidhani kama alilijua hilo au kama lingemshughulisha. Alikuwa mtu wa kimya, baridi, asiyepoteza neno wala senti. Mwaka wake wa kwanza Chicago aliajiriwa kwa dola 400, akawa analala humo humo dukani, na nusu ya mshahara akaiweka akiba.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipandisha bei ya pamba mpaka mawinguni, na waliokuwa na mzigo ghalani walitajirika. Palmer alitajirika na kuchoka kwa pamoja. Mwaka 1865 akawauzia hisa Field na mwenzake Levi Leiter, miaka miwili baadaye akajitoa kabisa, akaenda kununua viwanja. Viwanja vyenyewe vilikuwa State Street, wakati huo kijia chembamba cha vibanda. Akajenga jumba lenye sura ya marumaru, akawapangisha Field na Leiter kwa dola 50,000 kwa mwaka, na Oktoba 1868 wakahamia. Barabara ya biashara ya Chicago ikahama pamoja nao. Baba angesema huyo Palmer ndiye aliyekuwa mfanyabiashara wa kweli, Field alikuwa mpangaji tu.

Jumba hilo liliishi miaka mitatu.

Moto mkubwa wa Chicago ulianza usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 na kula sehemu kubwa ya jiji. Wafanyakazi wa Field walibeba walichoweza, hariri, vitambaa vya lesi, mashali, wakapakia kwenye mikokoteni na kukimbia kuelekea ziwani, huku wengine wakiwa wamepanda juu ya paa kumwaga maji na kutundika mablanketi yaliyolowa. Jengo liliteketea. Wiki chache baadaye duka lilikuwa wazi tena, ndani ya banda la farasi wa tramu, pembe ya State na barabara ya 20. Walisafisha, wakapiga rangi, wakapanga hariri mahali palipokuwa na majani ya farasi. Nimejaribu kuwaza wanawake wa tabaka la juu wakishuka kwenye magari yao ya kukokotwa na kuingia bandani kununua glavu, na nadhani hapo ndipo duka hili lilipoacha kuwa jengo likawa kitu kingine.

Walirudi State na Washington mwaka 1873, katika jengo la kampuni ya Singer, ile ile ya vyerehani tunavyorithishana. Novemba 1877 jengo hilo nalo likaungua. Singer wakajenga jingine, na mwaka 1879 Field akalinunua kwa dola 700,000. Mwaka 1881 akamwondoa Leiter kwa kumnunua, na mlangoni likabaki jina moja: Marshall Field & Company.

Watu wakisimulia habari za Field hupenda kile kisa cha yeye kumkuta karani akibishana na mteja, akamwambia: mpe mama anachotaka. Kama alisema au hakusema, duka liliendeshwa hivyo. Bei ilikuwa moja kwa kila mtu, na imeandikwa. Bidhaa ilirudishwa bila maswali marefu. Karani hakuruhusiwa kumfuatafuata mteja wala kumsukuma anunue. Bibi ananiambia hata zama zake walifunzwa namna ya kumvisha mteja glavu: kiwiko chake kinatua kwenye mto mdogo wa kuegemea juu ya kaunta, vidole vinaelekea juu, unaivuta kidole kimoja kimoja bila haraka, na humtazami usoni mpaka akutazame yeye. Alinifanyia mimi siku moja mezani, kwa glavu zangu za sufu za bei poa, na nikaona haya jinsi mikono yangu ilivyo mikavu.

Kwangu mimi lililo geni si upole, maana Mtaa wa Biashara upole upo, na chai ya maziwa juu yake. Ni ile bei moja. Bei moja maana yake karani hana la kujadili, kwa hiyo hata msichana wa miaka kumi na saba asiyejua kuapa anaweza kusimama kaunta. Ndiyo iliyowezesha duka kuwa na ghorofa, vitengo na maelfu ya wafanyakazi. Ukiwa na baba dukani huhitaji bei kuandikwa. Ukiwa na wasichana elfu, huna namna.

Halafu kuna Harry Gordon Selfridge. Ndiyo, Selfridge yule wa London. Aliingia kwa Field mwaka 1879, kijana wa ghala upande wa jumla, na kabla muongo haujaisha alikuwa meneja wa rejareja. Field alikuwa kimya. Selfridge alikuwa kelele tupu, kwa maana nzuri. Ndiye aliyetaka taa, maua, vioo vya mbele vipambwe, matangazo gazetini, na ile ghorofa ya chini ya ardhi ya bidhaa za bei nafuu iliyofunguliwa mwaka 1885, ambako mke wa fundi aliweza kuingia duka lile lile la mke wa mwenye benki, ingawa kwa ngazi za kushuka. Alitaka jina lake liwekwe mlangoni. Field hakutaka. Mwaka 1904 Selfridge akaondoka, na Machi 1909 akafungua lake Oxford Street. Kwa hiyo wale jamaa zetu wa London wanaojipiga picha na mifuko ya njano waelewe kwamba somo lilitoka huku, kwa mtu wa kimya kutoka Conway.

Jambo jingine lililoanza wakati wa Selfridge ni chakula. Siku zile mwanamke wa heshima asiyefuatana na mwanamume hakuwa na mahali pa kula katikati ya mji, na ikifika saa sita mchana alipanda gari lake akarudi nyumbani, na pesa zake naye. Inasimuliwa kwamba muuzaji wa kofia aitwaye Bi. Hering aliwagawia wateja wake wawili waliokuwa na njaa pai ya kuku aliyojipikia mwenyewe nyumbani, wakaisifu, habari zikafika juu. Mwaka 1890 kukafunguliwa chumba cha chai chenye meza 15. Mwaka 1907 ukaja ukumbi wa ghorofa ya saba, kuta zake mbao za mjozi kutoka Urusi, unaoitwa Walnut Room, na kila Desemba mti wa Krismasi unasimama katikati yake, zaidi ya mita 13, watu wanapanga foleni kula chini yake. Pai ya kuku ya Bi. Hering bado iko kwenye menyu. Nimeila. Juu ukoko, ndani kuku, karoti, njegere na mchuzi mzito mweupe. Tamu, sikatai, ila mtu mmoja awaonyeshe pilipili manga.

Jengo la leo lilijengwa vipande vipande, chini ya kampuni ya msanifu Daniel Burnham, kuanzia kipande cha upande wa Wabash cha mwaka 1893, mwaka wa Maonyesho ya Dunia hapa Chicago, hadi lilipomeza mtaa mzima. Sehemu ya State na Washington ilifunguliwa mwaka 1907, baada ya Field mwenyewe kufa, na ndiyo yenye dari. Ukiingia pale usikimbilie manukato. Simama katikati ya ukumbi, inua kichwa. Ghorofa tano juu yako kuna kuba la vioo vidogovidogo, vipande milioni 1.6, vya buluu, kijani na dhahabu, kazi ya Louis Comfort Tiffany. Nimezoea dari za misikiti zenye maandishi, najua shingo inavyouma, lakini hii iliwekwa juu ya kaunta za vitambaa na vipodozi. Mtu aliyekuja kununua sindano alipewa mbingu bure.

Na nje, saa. Ya kwanza iliwekwa mwaka 1897 pembe ya Washington, nyingine ikafuata pembe ya Randolph. Ni za shaba iliyogeuka kijani, kila moja uzito wake unazidi tani saba, na zimening'inia nje ya ukuta juu ya vichwa vya wapita njia. Wanasema Field aliona watu wanaosubiriana pale pembeni wakiachiana vikaratasi kwenye vioo vyake, akaona afadhali awape saa. Vizazi vimepeana miadi hapo. Bibi alikutana na mumewe chini ya saa ya Washington. Alichelewa yeye, si mume, kwa sababu mteja mmoja alitaka kujaribu glavu ndefu za jioni zote zilizokuwemo. Mpe mama anachotaka.

Ninalipenda duka hili kwa hadithi za Bibi, lakini mwenye duka simpendi. Mnaoadhimisha Mei Mosi, na kwetu ni sikukuu ya taifa, mjue asili yake ni mgomo wa Mei 1886 hapa Chicago wa kudai saa nane za kazi kwa siku, na bomu la uwanja wa Haymarket lililofuata. Wanaharakati wanne walinyongwa Novemba 1887 kwa kesi ambayo mpaka leo inatajwa kama aibu ya mahakama. Kabla ya kunyongwa, baadhi ya wafanyabiashara walikutana kutafakari kuomba msamaha kwa gavana. Field alikuwa miongoni mwa waliokataa, na neno lake lilikuwa zito kuliko la wengine. Vyama vya wafanyakazi hakuvitaka hata kuvisikia. Na ule upole wa kaunta ulikuwa na mpaka wa rangi: maduka makubwa ya State Street, hili likiwemo, hayakuweka wauzaji weusi kaunta mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Bibi, ambaye ni mzungu, nilimuuliza. Alinyamaza, kisha akasema ni kweli, waliokuwepo walikuwa jikoni na kwenye lifti, na yeye hakuwahi kuuliza kwa nini. Sikumwongezea swali.

Field alikufa Januari 1906 kwa homa ya mapafu, miezi miwili hivi baada ya mwanawe kufa kwa jeraha la risasi. Aliacha zaidi ya dola milioni 100. Milioni 8 kati ya hizo aliziachia jumba la makumbusho ambalo tayari alikuwa amelipa milioni moja ya kulianzisha, na ambalo tangu 1894 lilikuwa limebeba jina lake. Ndiyo, Field Museum. Ile yenye simba wetu.

Mama yangu ni Mtaita. Hadithi ya simba wa Tsavo nimeisikia kabla sijaota meno yote: mwaka 1898, reli ya Uganda inajengwa, daraja la mto Tsavo, simba wawili dume wasio na manyoya shingoni wanavuta watu mahemani usiku baada ya usiku, hasa makuli waliotoka India. Patterson, msimamizi wa daraja, aliwaua Desemba mwaka huo. Ngozi zao alizifanya mazulia, miaka 25 zikakanyagwa nyumbani kwake Uingereza, mpaka alipokuja Chicago kutoa mihadhara, na mkuu wa makumbusho akazinunua pamoja na mafuvu kwa dola 5,000. Mkuu huyo alikuwa Stanley Field, mtoto wa ndugu yake Marshall. Mafundi wakazishona upya, na kwa kuwa ngozi zilikuwa zimepunguzwa ili ziwe mazulia, simba hao kwenye kioo wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa. Patterson alidai baadaye kwamba walikula watu 135. Wanasayansi waliochunguza manyoya na mifupa yao mwaka 2009 walikadiria kama 35. Bibi mzaa mama angewatukana wanasayansi hao. Mimi nilichokiona nilipofika mbele ya kile kioo ni kwamba faida ya glavu na hariri za State Street imewahifadhi simba wa kwetu huku, na kwetu Voi tumebaki na hadithi.

Biashara ya jumla, ambayo enzi za Field ndiyo iliyoingiza pesa nyingi, ilikufa polepole. Maduka ya vijijini yaliyokuwa yakichukua mzigo kwake kwa mkopo yalianza kuagiza moja kwa moja viwandani. Jumba lake la mawe la jumla, kazi ya Henry Hobson Richardson ya mwaka 1887 ambayo wasanifu bado wanaililia, lilibomolewa mwaka 1930 pakawa maegesho ya magari. Mwaka huo huo kampuni ikafungua Merchandise Mart kando ya mto, jengo kubwa kupita kiasi, katikati ya mdororo wa uchumi. Mwaka 1945 wakaliuza kwa Joseph Kennedy, baba wa yule Kennedy ambaye wakfu wa familia yake ulichangia nauli za vijana wetu waliokuja kusoma Marekani mwaka 1960. Dunia ndogo hii.

Duka lenyewe lilibaki imara mpaka lilipoanza kuuzwa kama nyumba ya urithi. Mwaka 1982 lilichukuliwa na kampuni ya sigara ya Waingereza, BAT. Mwaka 1990 likaenda kwa Dayton Hudson wa Minneapolis, hao ambao baadaye walijiita Target. Mwaka 2004 likaenda kwa kampuni ya maduka ya May, na mwaka uliofuata May nayo ikamezwa na Federated, wenye Macy's. Kila mmiliki alikuja na mahesabu yake. Walichogusa kwanza ni peremende.

Frango ni vipande vya chokoleti vyenye mnanaa ndani. Asili yake si Chicago hata kidogo. Vilikuja na duka la Seattle ambalo Field's ililinunua mwaka 1929. Ila kwa miaka mingi vilipikwa ghorofa ya 13 ya jengo la State Street, na Bibi anasema ulijua zamu ya kupika kwa harufu iliyoshuka na lifti. Mwaka 1999 Dayton Hudson walihamishia kazi hiyo Pennsylvania, watu 157 wakapoteza kazi, na kama unadhani chokoleti haiwezi kuwa siasa, meya wa jiji mwenyewe alilalama hadharani. Wenye kampuni walisema ladha ni ile ile. Huenda. Lakini mtu wa Mombasa umwambie halua itapikwa Nakuru, uone.

Kisha ikaja 2006. Federated walikuwa na mantiki yao: jina moja nchi nzima, tangazo moja la televisheni, mifuko ya aina moja. Maduka zaidi ya 400 yenye majina ya miji mbalimbali yakageuzwa Macy's siku moja. Kwingine watu walinung'unika wakaendelea na maisha. Chicago watu walikusanyika chini ya saa na mabango, wengine walikata kadi zao za duka kwa mikasi na kuzirudisha kwa posta, na maandamano hayo yakawa yanarudiwa kila Septemba kwa miaka. Mimi sikuwepo, Bibi alikuwepo. Alivaa glavu.

Nimeshawasikia vijana wa hapa wakicheka: ni duka tu, limenunuliwa na duka jingine, na wote wanauza nguo zilizoshonwa Bangladesh. Wana haki ya kucheka. Ila mimi naona Macy's walikosea hesabu moja ambayo baba angeiona hata bila kikokotoo. Walidhani jina ni mali ya kampuni, liko kwenye mkataba pamoja na rafu na lifti. Jina lile lilikuwa limetengenezwa kaunta kwa kaunta, na watu kama Bibi, na wale waliorudisha kitambaa mwaka 1868 wakapewa pesa zao. Nao hawakuwa kwenye mkataba. Kwetu pia wako wazee wanaotaja duka la Mtaa wa Biashara kwa jina la Mhindi aliyefunga na kuhama zamani, na ukiwaelekeza kwa jina jipya watapotea.

Sheria angalau imelinda mawe. Jengo liko kwenye orodha ya kitaifa ya alama za kihistoria tangu 1978, na vibao vya shaba vya "Marshall Field and Company" vimebaki pembeni mwa ukuta, huoni Macy's wamethubutu kuving'oa. Mwaka 2018 waliuza ghorofa za juu. Frango nazo jina lake lilinunuliwa mwaka 2017 na kampuni ya Chicago ya bisi, Garrett, kwa hiyo angalau limerudi mjini, na Bibi amekubali kula, kwa masharti: kisanduku kimoja, na asisikie mtu akisema kwamba ladha ni ile ile.

Ukija Chicago, panda treni ya Red Line ushuke Lake, uingie kwa mlango wa Washington ili dari iwe ya kwanza. Pai ya kuku ghorofa ya saba, nenda siku ya kazi, Desemba foleni yake si mchezo. Kisha tembea kusini kama kilomita tatu ukawaone simba. Na ukimwuliza mtu mzima njia, sema Field's. Atakuuliza tu kama ni duka au ni makumbusho.